Ahadi Bila Mizani ni Lumbesa

Mazungumzo yafuatayo yametayarishwa kwa ajili ya walimu na watumishi wa umma wa Kibaigwa, Wilaya ya Kongwa, Mkoa wa Dodoma.



Mji wa Kibaigwa umejengwa na mahindi. Mavuno ya Kongwa, na ya Kiteto ng'ambo ya mpaka wa mkoa, hushuka hapa kando ya barabara kuu ya Dodoma na Morogoro, yakangoja malori ya wanunuzi. Katika mji wa namna hii hapana haja ya kumweleza mtu maana ya lumbesa. Gunia hushindiliwa, likaongezewa kilemba juu ya mdomo wake, likashonwa kwa kamba. Mkulima hulipwa bei ya gunia moja. Mnunuzi huondoka na gunia moja na ziada yake. Ni gunia kwa jina tu, lakini uzito wake anaujua yule aliyelishindilia. Ndiyo maana sheria ya vipimo imepiga marufuku mtindo huo, na ndiyo maana mkulima aliyezinduka hudai mizani kwanza, bei baadaye.

Iko biashara nyingine duniani leo ambayo nayo ina lumbesa zake. Ni biashara ya ahadi. Makampuni makubwa ya mafuta, ya magari, ya ndege, ya vinywaji, pamoja na mabenki yanayoyakopesha, yameahidi mbele ya walimwengu kwamba yatapunguza gesi joto zinazotoka katika viwanda vyao na bidhaa zao. Ahadi hizo ziliongezeka sana baada ya Mkataba wa Paris wa mwaka 2015, ambamo mataifa yalikubaliana kuzuia joto la dunia lisipande mno. Mengi ya makampuni hayo yamesema kwamba ifikapo mwaka 2050 yatafikia sifuri halisi. Maana yake, kila tani ya hewa ukaa itakayotoka kwao italinganishwa na tani nyingine iliyoondolewa angani. Ni maneno mazuri. Swali ni moja tu: nani ameyapima?

Huenda mtu akauliza mambo hayo yanamhusu nini mwalimu wa Kibaigwa. Yanamhusu kwa njia tatu. Kwanza, uwanda huu wa kati una msimu mmoja tu wa mvua kwa mwaka. Mvua ikichelewa, au ikinyesha yote kwa wiki chache na kukatika, mkulima hana msimu wa pili wa kujisahihisha. Afrika nzima hutoa kiasi cha asilimia 4 tu ya gesi joto za dunia, lakini mvua ikiharibika haiulizi nani aliyeiharibu. Pili, bidhaa za mashamba ya hapa zimekwisha kuingia katika daftari za makampuni hayo. Kampuni ya Bia Tanzania, ambayo imekuwa ikinunua mtama kwa wakulima wa Mkoa wa Dodoma, iliingia mwaka 2016 chini ya AB InBev ya Ubelgiji. Na AB InBev iliahidi mwaka 2018 kwamba ifikapo 2025 ingepunguza gesi joto kwa asilimia 25 katika mlolongo wake wote, tangu shambani hadi chupani. Kwa hiyo jembe la mkulima wa mtama limo katika hesabu za watu asiowajua. Tatu, na hili ndilo kubwa zaidi, makampuni yasiyoweza au yasiyotaka kupunguza moshi wao wenyewe huja kununua upungufu huo katika misitu na malisho ya vijiji vya Tanzania. Wanavijiji husainishwa mikataba, na mara nyingi mtu wa kwanza kuletewa karatasi hizo azisome ni mwalimu au mtumishi wa umma.

Kongwa na ahadi kubwa

Wilaya ya Kongwa haihitaji kufundishwa na wageni habari za ahadi kubwa. Mwaka 1946 Frank Samuel, mkuu wa United Africa Company iliyokuwa mali ya Unilever, aliipelekea Serikali ya Uingereza wazo la kulima karanga katika Afrika ya Mashariki ili kumaliza uhaba wa mafuta ya kula huko kwao. Mpango uliokubaliwa ulitaja zaidi ya ekari milioni 3, sehemu kubwa ikiwa Tanganyika, na Kongwa ikachaguliwa kuwa mahali pa kuanzia. Kwa mwaka 1947 zilikusudiwa ekari 150,000. Zilizopandwa hazikufika 10,000. Matrekta yalivunjikia katika vichaka. Udongo wa mfinyanzi ulikauka ukawa mgumu kama sakafu. Mvua nayo haikusoma hesabu zilizoandikwa London. Januari 1951 Serikali ya Uingereza ilitangaza kuuacha mpango huo, na hasara ya pauni milioni 36 ikafutwa katika vitabu.

Funzo la karanga si kwamba kila mpango mkubwa ni uongo. Funzo ni kwamba tarakimu kubwa na tarehe ya mbali haviwezi kushika nafasi ya kipimo. Hakuna aliyepima kwanza mvua na udongo wa Kongwa kwa miaka ya kutosha. Walioahidi walifungasha wakaondoka. Ardhi iliyong'olewa vichaka ilibaki na wenyeji. Mpangilio huo ndio unaofanana mno na ahadi za siku hizi: mwenye kuahidi yuko mbali, na mwenye kubaki na matokeo yuko hapa.

Ahadi zilizoyeyuka

Waswahili husema ahadi ni deni. Katika biashara hii, ahadi nyingi zimeonekana kuwa tangazo. Mwaka 2020 kampuni ya mafuta ya BP ya Uingereza iliahidi kwamba ifikapo 2030 ingepunguza uchimbaji wake wa mafuta na gesi kwa asilimia 40. Ilisifiwa sana. Februari 2023, bei ya mafuta ilipokuwa imepanda na faida kuongezeka, asilimia 40 ikageuzwa kuwa 25. Februari 2025 kampuni ikaliacha kabisa lengo hilo, ikatangaza kuongeza fedha za kuchimba mafuta na gesi hadi karibu dola bilioni 10 kwa mwaka. Shell nayo, mwezi Machi 2024, ililegeza lengo lake la mwaka 2030 na kulifuta lile la mwaka 2035.

Mabenki hayakubaki nyuma. Aprili 2021 yaliunda muungano wa kuhakikisha kwamba mikopo yao inakwenda sambamba na sifuri halisi ya mwaka 2050. Kati ya Desemba 2024 na Januari 2025, upepo wa siasa za Marekani ulipogeuka, mabenki makubwa ya huko yalijitoa moja baada ya jingine. Oktoba 2025 muungano wenyewe ukasimamisha shughuli zake. Miaka minne na nusu ilitosha kuzaliwa na kuzikwa kwa ahadi iliyokusudiwa kudumu karibu miaka thelathini.

Yafaa ieleweke kwamba makampuni hayo hayakuvunja ahadi kwa sababu watu wake ni waovu kuliko watu wengine. Yalizivunja kwa sababu yaliahidi yenyewe, yakajipangia kipimo yenyewe, na yakajisamehe yenyewe. Hata mnunuzi wa mahindi aliye mwema, akiachiwa gunia bila mizani, ipo siku atalishindilia.

Maswali manne ya mizani

Kwa hiyo kila ahadi ya namna hii, iwe imeandikwa katika taarifa ya kampuni ya Ulaya au imesomwa mbele ya mkutano mkuu wa kijiji, yapasa ipitishwe katika maswali manne.

Swali la kwanza ni la tarehe. Upungufu unaanza kuhesabiwa tangu mwaka gani, na kabla ya 2050 vituo vya njiani ni vipi? Kampuni ikichagua kuanza hesabu katika mwaka ambao moshi wake ulikuwa mwingi kupita kawaida, itaonekana imepunguza hata kama haikufanya lolote. Tena wakuu wanaoahidi jambo la mwaka 2050 watakuwa wamestaafu zamani siku ya kuulizwa itakapofika.

Swali la pili linahusu kitu kinachohesabiwa, na mfano wake uko jirani kabisa. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, lina urefu wa kilomita 1,443, na kati ya hizo 1,147 zimo ndani ya Tanzania. Linapita Chemba na Kondoa katika mkoa huu wa Dodoma, likapita pia Kiteto, wilaya inayouza mahindi yake Kibaigwa. Bomba hilo ni makubaliano ya serikali mbili, na Tanzania ina hisa asilimia 15 kupitia Shirika la Maendeleo ya Petroli. Hapa si mahali pa kulijadili upya. Linalohusika ni daftari la mwenye hisa kubwa, TotalEnergies ya Ufaransa, yenye asilimia 62. Kampuni hiyo imetangaza azma ya sifuri halisi ifikapo 2050, na lengo la kupunguza asilimia 40 ifikapo 2030 ikilinganishwa na mwaka 2015. Lakini lengo hilo la asilimia 40 linahusu mitambo inayoendeshwa na kampuni yenyewe. Moshi wa mafuta yakishauzwa na kuchomwa katika magari na viwanda vya wateja haumo ndani yake. Na kwa kampuni yoyote ya mafuta, huo ndio sehemu kubwa zaidi ya moshi wote. Ni sawa na mwenye ghala kupima vumbi lililomwagika sakafuni, akaacha kupima magunia yaliyotoka mlangoni.

Jambo hilo halikusemwa na maadui wa biashara peke yao. Oktoba 23, 2025, mahakama ya Paris iliamua kwamba TotalEnergies iliwapotosha wateja kwa kujitangaza kuwa na azma ya kufikia sifuri ya kaboni ifikapo 2050 huku ikiendelea kuongeza uchimbaji wa mafuta na gesi. Mahakama haikukubali madai yote ya walioshtaki, lakini iliamuru matangazo hayo yaondolewe. Kabla ya hapo, Novemba 2022, jopo la wataalamu lililoundwa na Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, likiongozwa na Catherine McKenna wa Kanada, lilikuwa limekwisha sema waziwazi: kampuni haiwezi kudai inakwenda kwenye sifuri halisi huku ikifungua visima vipya, wala haiwezi kununua hati rahisi za kaboni mahali pa kupunguza moshi wake yenyewe.

Swali la tatu: nani anashika mizani? Septemba 2015 iligundulika kwamba Volkswagen ya Ujerumani ilikuwa imeficha ndani ya magari yake ya dizeli programu iliyotambua gari linapopimwa, ikapunguza moshi wa sumu kwa muda wa kipimo tu. Kampuni ilikiri kwamba magari kiasi cha milioni 11 yalihusika. Moshi huo ulikuwa wa aina nyingine, si gesi joto. Lakini ushahidi ni ule ule: mwenye mali akiachiwa mizani, mizani hujifunza kumpendelea.

Katika hati za kaboni shida ni kubwa zaidi. Hati moja huwakilisha tani moja ya hewa ukaa iliyozuiwa, tuseme kwa msitu ambao haukufyekwa. Lakini ili kujua kiasi kilichookolewa, lazima ikadiriwe kwanza kiasi ambacho kingefyekwa kama mradi usingekuwapo. Hicho ni kitu ambacho hakikutokea, na hakuna jicho lililokiona. Mwenye kukadiria akikuza hatari, hati huongezeka bila mti hata mmoja kuongezeka. Hayo ndiyo yaliyoelezwa kuhusu mradi wa Kariba huko Zimbabwe, uliouza hati nyingi kwa makampuni ya Ulaya. Oktoba 2023, baada ya shutuma kwamba makadirio yake yalizidishwa mno, kampuni ya South Pole ya Uswisi iliyokuwa ikiziuza ilijitoa.

Hapa lumbesa imegeuka sura. Gunia la mahindi huzidi kipimo chake. Gunia la kaboni hupungua. Lakini hila ni moja, nayo ni kutaja kipimo bila kupima. Na katika gunia hili jepesi, anayepunjwa si mnunuzi, maana yeye alitaka karatasi na karatasi ameipata. Anayepunjwa ni mkulima anayengoja mvua. Anapunjwa pia mwanakijiji mwaminifu aliyelinda msitu wake kweli, kwa sababu hati za uongo zikijaa sokoni, bei ya zile za kweli huanguka pamoja nazo.

Swali la nne ni la malipo na muda: nani analipwa, kiasi gani, na amefungwa kwa miaka mingapi? Haifai kusema kwamba biashara hii haijamfaa mtu. Huko Wilaya ya Tanganyika, Mkoa wa Katavi, vijiji vinane vinavyolinda misitu ya Ntakata vimepata fedha za kaboni, na fedha hizo zimejenga madarasa na zahanati. Hadzabe wa Bonde la Yaeda, Mkoa wa Manyara, wamelipwa kwa kulinda pori ambalo ndilo ghala lao la chakula. Na hapo Kiteto, vijiji vitano vya Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori ya Makame vimo katika mradi wa namna hiyo hiyo. Ajabu ya wakati huu ni kwamba wilaya moja, Kiteto, inapitiwa na bomba la mafuta na wakati huo huo inauza hewa ukaa iliyozuiwa. Mwanafunzi wa hesabu akiulizwa matokeo ya kutoa na kujumlisha huko, hana budi kudai kwanza aonyeshwe namba zote mbili.

Lakini iko pia mikataba inayohitaji macho makali. Katika wilaya za Longido na Monduli, Mkoa wa Arusha, vijiji vya wafugaji vimefuatwa ili malisho yao yawe ghala la kaboni ya udongoni, katika mradi ambao mfadhili wake ni kampuni ya ubia ya Volkswagen, ile ile ya magari. Muda uliotajwa ni miaka 40, na umekuwapo mzozo kuhusu kiasi ambacho wanavijiji walielezwa kabla ya kukubali. Mtoto aliyeko darasa la kwanza leo atakuwa na umri wa miaka zaidi ya 45 siku ambayo mkataba wa namna hiyo utakwisha. Njia za kuhamisha mifugo wakati wa ukame zitakuwa zimeamuliwa kabla hajajua kusoma.

Wako watakaosema kwamba mnyonge hachagui. Kwamba fedha ikija ipokewe, maswali yaje baadaye. Hoja hiyo ni ya zamani, na ndiyo iliyomfanya mkulima auze kwa lumbesa miaka mingi: ati akidai mizani, mnunuzi atakwenda kwa jirani. Mnunuzi alikwenda kwa jirani kwa sababu jirani naye hakudai. Pale wote wanapodai, mnunuzi hupima.

Kazi ya wasomi

Nchi hii haikukaa bila zana. Kanuni za biashara ya kaboni zilitolewa mwaka 2022, zikieleza namna ya kusajili mradi na namna ya kugawa mapato. Kipo kituo cha taifa cha kufuatilia kaboni katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeupa mkutano mkuu wa kijiji uzito katika mambo ya ardhi yake. Zana hizo, hata hivyo, hazitembei zenyewe. Lazima ziwe na mikono.

Mikono ya kwanza ni ya watumishi wa umma. Mtendaji wa kijiji au wa kata, afisa misitu, afisa mifugo na mwanasheria wa halmashauri wasikubali mkataba usomwe kwa muhtasari. Usomwe wote, kwa Kiswahili, mbele ya mkutano mkuu, ukionyesha mwaka wa kuanzia, mpimaji ni nani, bei inabadilika vipi, na kijiji kinatokaje kabla ya muda wake kikitaka kutoka. Muhtasari wa kikao uandikwe na uhifadhiwe. Mkataba unaoogopa kusomwa kwa Kiswahili hauna sababu njema ya kuogopa.

Mikono ya pili ni ya walimu. Hewa ukaa haionekani wala hainusiki, na kitu kisichoonekana ni rahisi kumdanganyia mtu. Lakini tani ni tani. Mtoto anayejua kupima kilo za mahindi ya baba yake anaweza kufundishwa tani ya kaboni, asilimia ya mwaka wa kuanzia, na tofauti ya kupunguza na kununua upungufu wa mwingine. Hayo si maarifa ya vyuo vikuu peke yake. Ni hesabu ya kugawanya na kutoa. Mwanafunzi akishaielewa, mzazi wake hatasaini gizani.

Mikono ya tatu ni ya wanavijiji wenyewe, na hao watanyoosha yao wakiwaona waliosoma wamenyoosha ya kwao bila kutaka posho ya kunyamaza.

Ndugu walimu na ndugu watumishi, dunia haina budi kupunguza gesi joto, na makampuni yaliyozitoa kwa wingi hayana budi kutangulia. Atakayeahidi kwa dhati hataudhika kuulizwa maswali manne, kama vile mnunuzi mwaminifu asivyoudhika kuona mizani. Atakayeudhika atakuwa amejibu. Mkulima wa Kongwa amechukua miaka mingi kujifunza kukataa gunia lenye kilemba. Asingojewe achukue miaka mingine kama hiyo kujifunza kukataa ahadi yenye kilemba, ilhali wanaojua kusoma kipimo wanakaa naye mtaa mmoja.